Nani atampumzisha mama mmishenari?

Wanawake wawili wamenifundisha somo ambalo sikulipata chuoni nilipokuwa nikisomea udaktari. Wote ni watumishi wa Injili, na wote walikuja katika kliniki yangu hapa mjini Mwingi wakilalamikia uchovu usiokwisha. Mmoja alitoka ng'ambo kuja kuhudumu kwetu. Wa pili alizaliwa katika kijiji kilicho karibu na barabara ya kwenda Garissa, kisha kanisa lake likamtuma yeye na mumewe kuhudumu nchini Sudan Kusini. Wa kwanza alipelekwa mafungoni, akarudi akiwa na nafuu. Wa pili hakupelekwa kokote, na nusura tumpoteze.

Leo ningependa kuzungumza na msomaji juu ya tofauti iliyopo kati ya wanawake hao wawili, kwa sababu naamini hili ni suala la afya wala si la dini peke yake. Nimebadilisha mambo kadha katika visa vyao ili wasitambulike, na wenyewe wameniruhusu kuyaeleza haya.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mafungo ya kiroho ni siku kadha ambazo mtu hujitenga na shughuli zake, akaenda mahali patulivu ili aombe, atafakari na kupumzika. Wakatoliki huyaita mafungo, ilhali wengi wa ndugu zetu Waprotestanti husema ritriti. Neno mafungo huwafanya baadhi ya watu wadhani kwamba ni lazima mtu ashinde njaa. La hasha. Kinachofungwa hapa ni mlango, si mdomo. Nitarudi kwenye jambo hili baadaye, maana kosa hilo la maana limewahi kuwaletea wagonjwa wangu madhara.

Alidhani Mungu amemwacha

Mwanamke wa kwanza alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi kaskazini mwa Mwingi, katika sehemu ambazo mvua ikikosekana misimu miwili mfululizo watu huanza kubisha hodi kwa mmishenari kabla ya jua kuchomoza. Kikamba alikizungumza vizuri kuliko baadhi ya watoto wetu wa Nairobi. Alikuja kwangu akiwa na malalamiko madogo madogo: choo kigumu, baridi isiyomtoka hata mchana wa Februari, na usingizi uliokuwa ukimkatika saa tisa za usiku. Nilipomdadisi zaidi, alitazama dirishani akasema, "Daktari, nikiomba naona kama nazungumza na ukuta. Nafikiri Mungu ameniacha."

Nilimwandikia dawa ya tumbo na ya usingizi. Nashukuru kwamba wakuu wake walikuwa wamekwisha kumpangia nafasi katika mafungo ya wanawake wamishenari, siku nane katika nyanda za juu karibu na Nairobi. Alikwenda shingo upande. Aliporudi nilimwuliza ni nini kilichomsaidia, nikidhani atanitajia mahubiri. Akanijibu kwamba siku mbili za kwanza alilala tu. Siku ya tatu alikula chakula alichopikiwa na mtu mwingine, na vyombo vikaoshwa na mtu mwingine. Siku ya nne alikaa na mwanamke ambaye hakumjua mtu yeyote wa Mwingi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akalia mbele ya mtu.

Lipo jambo jingine. Miongoni mwa waliofika kuwahudumia wanawake hao alikuwamo daktari. Huyo ndiye aliyemsikiliza kwa utulivu, akampapasa shingo na kushauri damu yake ipimwe. Ikaonekana kwamba tezi ya thairoidi, ambayo iko upande wa mbele wa shingo na ndiyo inayosawazisha kasi ya kazi za mwili, ilikuwa imezembea. Tezi hiyo ikizembea mtu huhisi baridi, huchoka upesi, huweza kunenepa bila sababu, choo humkaukia na moyo wake hujaa huzuni. Mtu wa kawaida katika hali hiyo husema amezeeka. Mtu wa Mungu husema Mungu amemwacha. Siku hizi mama huyo humeza kidonge kimoja kila asubuhi, na anasema maombi yake yamepata tena msikilizaji.

Mafungo peke yake hayangemponya, maana tezi haisikii mahubiri. Lakini pasipo mafungo ugonjwa wake haungejulikana. Mimi niliyekuwa nikimwona mara kwa mara sikuwahi kuigusa shingo ile. Daktari wa mafungoni alikuwa na kitu nisichokuwa nacho katika kliniki yenye foleni ndefu, yaani nafasi ya kukaa na mgonjwa mmoja muda wa saa nzima.

Mzigo wa mwanamke mmishenari

Shirika la Afya Duniani limeutaja uchovu wa kazi uliokithiri katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na mkazo wa kazi uliodumu bila kutatuliwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kumwishia mtu kabisa, moyo wake kuitenga kazi hata akaanza kuwadharau anaowahudumia, na kuona kwamba lolote afanyalo halifai kitu.

Sasa mfikirie mwanamke aliye katika utumishi wa mbali. Hana saa ya kufunga ofisi. Nyumba yake ni zahanati, ni benki na ni ghala la mahindi. Ikiwa hana mume, jioni hana wa kumweleza mambo ya siku hiyo. Ikiwa anaye, aghalabu mume ndiye anayeitwa mmishenari na yeye huitwa mke wa mmishenari, ingawa hupika, hufundisha, huuguza na kupokea wageni kutwa kucha. Watoto wake huenda wako katika shule ya bweni mbali naye, au wako naye mahali pasipo na shule.

Kisha kuna barua. Kila baada ya muda ni lazima awaandikie wanaomtegemeza kwa fedha na maombi. Barua hiyo hutakiwa iwe na habari njema: kisima kimechimbwa, watu kumi wamebatizwa, mtoto aliyekuwa hoi amepona. Nani atathubutu kuandika kwamba asubuhi hawezi kuinuka kitandani? Kwa hiyo anaandika mema na kuyaficha mabaya, mwaka baada ya mwaka, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata dawa zaweza kumponza. Wageni wengi wanaokuja sehemu zenye malaria hutumia dawa za kujikinga. Mojawapo ni meflokwini, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Humfaa mtu mmoja, lakini mwingine humletea ndoto za kutisha, kukosa usingizi, wasiwasi na hata huzuni kubwa. Mwaka wa 2013 idara ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru dawa hiyo iwekewe onyo kali kuliko yote, kwa sababu baadhi ya madhara yake huweza kudumu hata baada ya mtu kuiacha. Mama anayeitumia akianza kuona giza rohoni, aende kwa daktari ambadilishie dawa, na wakati huohuo aendelee na maombi yake.

Waliotangulia walijua

Uzito wa kazi hii haukuanza jana. Mnamo Oktoba 1895, mmishenari Peter Cameron Scott alitia nanga Mombasa akiwa na kundi la kwanza la misheni ya Africa Inland, ambamo walikuwamo wanawake, pamoja na dada yake Margaret. Walipanda hadi Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, wakajenga kituo. Haukupita mwaka mmoja na nusu Scott akafa, Desemba 1896, kwa ile homa ya malaria inayoufanya mkojo kuwa mweusi. Wenzake kadha pia walikufa au wakarudi kwao. Mwaka wa 1903 misheni hiyo ilihamishia makao yake Kijabe, kwenye nyanda za juu zenye baridi. Kizazi hicho kilijifunza kwa makaburi kwamba anayetumwa asipotunzwa, kazi aliyotumwa nayo huzikwa pamoja naye.

Kanisa Katoliki lililiandika jambo hili katika sheria. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kifungu cha 663, inawataka watawa wote washike kwa uaminifu kipindi cha mafungo cha kila mwaka. Masista wa Mercy waliotoka Ireland wakaja kuhudumu katika hospitali ya Mutomo, kusini mwa Kitui, hawakuhitaji kumbembeleza mtu ili wapate siku hizo. Zilikuwa haki yao na wajibu wao. Hadi leo zipo nyumba zilizojengwa kwa ajili hiyo, kama vile Mwangaza ya Wajesuiti huko Karen, Nairobi.

Upande wa Waprotestanti hakuna sheria moja kama hiyo, lakini mashirika mengi ya ng'ambo yamelizingatia jambo hili. Wengine hukutana Brackenhurst, kule Tigoni, kati ya mashamba ya chai. Marekani yako mashirika ambayo kazi yao ni hiyo tu: kukodi mahali patulivu, kuwaalika wanawake wa Amerika Kaskazini wanaohudumu katika nchi za karibu, na kuwaletea mhubiri, mshauri, daktari, hata msusi wa nywele. Nilipomsikia mtu akicheka habari ya msusi, nilimwambia asicheke. Mwanamke ambaye kwa mwaka mzima amegusa vichwa vya watoto wa watu, siku moja kichwa chake kikiguswa kwa upole, hapo pana tiba.

Aliyetumwa kutoka kwetu

Nimesema kwamba mwanamke wa pili ni wa kwetu. Zamani Ukambani ilipokea wamishenari tu. Siku hizi inapokea na pia inatuma. Makanisa yetu yana watu wao kaskazini mwa Kenya, Sudan Kusini na mbali zaidi, na masista wa Kenya wanahudumu katika hospitali na parokia za Ulaya na Marekani. Ni jambo la kutufurahisha. Lakini tumejifunza kutuma kabla ya kujifunza kupumzisha.

Mama huyo alirudi nyumbani kwa likizo ya miezi mitatu. Nitamweleza msomaji jinsi likizo hiyo ilivyokuwa. Wiki ya kwanza alipokewa kanisani kwa nyimbo, akaombwa atoe ushuhuda. Jumapili zilizofuata alizungushwa katika makanisa ya Migwani, Nuu na Kyuso ili aeleze kazi yake, na baada ya kila ushuhuda kulikuwa na harambee, na baada ya harambee kulikuwa na wageni wa kupikiwa. Alilala katika nyumba za jamaa pamoja na wanawe watatu. Alihudhuria mazishi manne. Jamaa walimletea matatizo ya karo, wakiamini kwamba mtu aliyetoka nje ya nchi hakosi pesa. Aliposema amechoka, viongozi wake walimhurumia kwa dhati ya mioyo yao, wakampangia siku tatu za kufunga na kesha moja la usiku ili apate nguvu mpya.

Alikuja kwangu akisema kichwa kinamuuma na moyo unamwenda mbio. Nilimpima malaria, hakuna. Nikampima presha, ilikuwa sawa. Nikampa dawa za maumivu. Baada ya siku kumi akarudi, sasa mgongo na kifua. Nikampa dawa nyingine za maumivu. Msomaji anisamehe, maana hilo ni kosa ambalo madaktari wengi hulifanya: tunakiuliza kiungo kinachouma badala ya kumwuliza mtu.

Mara ya tatu aliletwa na shemeji yake. Nilikuwa na wagonjwa wengi nje, lakini kitu fulani katika jinsi alivyoketi, mikono imelegea mapajani kama ya mtu mwingine, kilinifanya niufunge mlango. Nikamwuliza, "Mama, katika wiki hizi mbili umekuwa na siku ngapi za huzuni au za kukata tamaa?" Akasema, "Zote, daktari." Nikamwuliza, "Na yale mambo uliyokuwa ukiyafurahia, bado yanakupendeza?" Akatikisa kichwa. Kisha nikamwuliza swali ambalo madaktari wengi huliogopa, iwapo amewahi kufikiri kwamba afadhali asiwepo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema, "Kila usiku naomba nisiamke. Nilifikiri hiyo ni sala."

Hatukumwacha peke yake siku hiyo wala siku zilizofuata. Alipelekwa kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili, akaanzishiwa dawa, na shemeji yake akawachukua watoto. Mchungaji wake, ambaye ni mtu mwema, alikuja kuniuliza kama ni kweli kwamba kufunga na kukesha kungeweza kumzidishia. Nilimweleza kwamba mtu mwenye ugonjwa wa huzuni kuu, ule ambao wataalamu huuita sonona, usingizi wake umekwisha kuvurugika, na kumnyima ule uliobaki ni kama kumpunguzia chakula mtu mwenye utapiamlo. Aliinamisha kichwa akasema, "Daktari, hatukujua." Nami nikamjibu kwamba hata mimi nilikuwa nimempa vidonge vya kichwa mara mbili.

Maswali mawili ya kuuliza

Maswali mawili ya kwanza niliyomwuliza mama yule hayakuwa ya ujanja wangu. Hutumiwa na madaktari duniani kote kuchuja sonona. Hata wewe msomaji waweza kumwuliza dada yako au mama yako. Je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni, unyonge au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu au furaha ya kufanya mambo? Kama jibu ni kwamba hali hiyo iko siku nyingi, mpeleke hospitalini. Maswali hayathibitishi ugonjwa, lakini huonyesha nani anastahili kuchunguzwa zaidi.

Sonona ina tiba. Kuna mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na kuna dawa kama vile fluoksetini, ambayo huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne. Dawa hizi haziachwi ghafla, na aghalabu mtu huendelea kuzimeza kwa miezi sita hivi hata baada ya kujisikia vizuri. Mtu akizungumza habari za kutaka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Wala familia isimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa.

Wanaoandaa mafungo, ya wageni au ya wenyeji, ningewasihi wafanye mambo haya. Kila mwanamke apimwe kabla ya kwenda: presha, sukari, wingi wa damu, na tezi ikiwa dalili zipo. Mwanamke wa miaka arobaini na zaidi anayetokwa na hedhi nyingi huenda amepungukiwa na damu kwa sababu ya uvimbe katika tumbo la uzazi, na uchovu wake hauna uhusiano wowote na upungufu wa imani. Aliye karibu na kukoma hedhi huenda akakosa usingizi kwa sababu ya joto linalompanda usiku.

Kufunga chakula kusiwe sharti. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi akishinda njaa, sukari yake huweza kushuka hadi azirai. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo wasifunge bila kumwuliza daktari. Wala mtu yeyote asiache dawa zake za presha, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi au kifafa kwa kuambiwa kwamba imani inatosha. Nimewapokea waliofanya hivyo, wakiwa katika hali mbaya kuliko walivyokuwa.

Je, ni anasa?

Najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba hii ni anasa. Watauliza, itawezekanaje mtumishi akae Tigoni akinywa chai ilhali watoto wa Ngomeni wanalala njaa, na kwa sadaka za maskini? Swali hilo ni la haki. Lakini na tufanye hesabu. Mwanamke anayejua lugha ya watu, anayejua mgonjwa yupi amekosa kuja na mtoto yupi ameacha shule, amefundishwa kwa muda wa miaka mingi. Akivunjika, atarudishwa kwao, na wa kumrithi ataanza kujifunza salamu. Siku nane za mwaka ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Wengine watasema kwamba mtu wa Mungu hupata nguvu kwa kuomba na hahitaji daktari. Hao ningewakumbusha habari za nabii Eliya. Alipokimbilia jangwani akalala chini ya mti akiomba afe, hakuhubiriwa wala kukemewa. Aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, kule mlimani. Mimi si mhubiri, lakini kama tabibu naona mpango huo wa tiba ni sahihi, na utaratibu wake pia ni sahihi.

Na wako madaktari wenzangu watakaosema kwamba ikiwa ni sonona, apewe dawa na habari ya mafungo iachwe. Nao wanakosea. Dawa huinua mtu aweze kusimama. Haimpi mahali pa kusema ukweli, wala haimwondolei foleni mlangoni. Yule mama wa kwanza alihitaji kidonge cha tezi na alihitaji pia zile siku mbili za kulala. Wa pili alihitaji fluoksetini, lakini pia alihitaji mtu aliyewachukua watoto wake.

Mwethya wa kupumzishana

Hatuhitaji hoteli ili kuwapa wanawake wetu kitu hiki. Ukambani tuna mwethya tangu jadi. Wanawake wa mwethya hukusanyika na majembe, leo wakalima matuta katika shamba la mmoja, kesho la mwingine, hadi kila mmoja amefikiwa. Hakuna anayeitwa mvivu kwa sababu leo ni zamu ya shamba lake. Matuta yaliyozuia udongo wetu usichukuliwe na mvua, mengi yalichimbwa na mikono hiyo.

Kwa nini mwethya huo usilime pia shamba la usingizi? Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, mabweni hubaki matupu. Makanisa matano ya Mwingi yakishirikiana yaweza kuwaita wanawake wao walio likizoni, pamoja na wake za wachungaji na wainjilisti ambao hawajawahi kupumzika tangu siku ya harusi. Siku nne zatosha kwa kuanzia. Wanawake wa makanisa mengine wapike. Wengine wabaki na watoto. Simu zikusanywe. Siku ya kwanza pasiwe na mhubiri wala ratiba. Muuguzi aje na mashine ya presha na ya sukari. Aje mshauri mmoja kutoka mbali, ambaye yatakayosemwa mbele yake hayatarudi sokoni Jumatano. Mwaka ujao waliopika ndio watakaolala.

Likizo ya anayerudi kutoka utumishi wa mbali nayo ipangwe upya. Mwezi wa kwanza asiombwe ushuhuda wala harambee. Aonwe na daktari. Baada ya hapo, akiwa tayari, kanisa limsikie.

Na wewe msomaji uliye Nairobi au Mombasa, ambaye dada yako amevaa utawa huko Ulaya, au shangazi yako anahudumu kando ya Ziwa Turkana, akija nyumbani usimpangie safari ya kuwaona jamaa wote. Mpe chumba chenye mlango unaofungika. Mwache alale hata saa nne ya asubuhi bila kumsema. Akishaamka na kunywa uji, keti naye umwulize yale maswali mawili, kisha unyamaze umsikilize.

Yule mama wa pili anaendelea vizuri. Bado yuko kwa matibabu, na hajaamua kama atarudi Sudan Kusini. Nilipomwona juma lililopita alikuwa amebeba chupa ya asali kuniletea, akacheka aliponiona nikitafuta mahali pa kuiweka kati ya makaratasi. Nilimwuliza kama analala. Akaniambia, "Nalala, daktari. Na asubuhi nafurahi kwamba nimeamka."